Cowra: mji wa wakulima uliopalilia makaburi ya adui

Mwaka jana binamu yangu alinitumia picha kwa simu. Yeye na watoto wake walipata makazi mapya Australia, katika jimbo la New South Wales, na siku hiyo kanisa lao lilikuwa limekodi basi kwenda kutembea. Kwenye picha kuna bwawa lenye samaki wekundu, mawe makubwa, vichaka vilivyokatwa vikawa mviringo kama mipira, na nyumba ndogo ya mbao yenye paa la Kijapani. Nikamwandikia, "Dada, umefika mpaka Japani?" Akacheka sana. Akajibu kwamba ni hapohapo Australia, ni mji tu wa wakulima unaoitwa Cowra. Halafu akaongeza: "Zamani hapa palikuwa na kambi."

Neno hilo lilinishika. Mimi nimezaliwa kambini, nimesomea kambini, na sasa nafanya kazi na vijana kambini, hapa Nyarugusu. Jumamosi iliyofuata niliwaonyesha vijana wetu ile picha. Binti mmoja akauliza, "Kaka, kambi inawezaje kuwa mahali pa watu kutalii? Watakuja kutazama nini, foleni ya mgao?" Wote wakaangua kicheko, na mimi pia nilicheka. Lakini jibu sikuwa nalo. Nikaanza kusoma, kidogo kidogo, kila bando liliporuhusu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Mji wenyewe

Cowra uko kando ya mto Lachlan, kama kilomita 300 magharibi ya Sydney. Ni mji wa watu wapatao 10,000 tu, yaani kanda zetu chache zikiunganishwa zinaupita. Ni nchi ya mashamba: ngano, kondoo wa sufu na wa nyama, mboga, na zao la kanola ambalo likitoa maua shamba lote linakuwa la njano. Mwaka 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kilijengwa kiwanda cha kutia mboga kwenye makopo. Tangu miaka ya 1970 wakulima wengine wamepanda zabibu za mvinyo. Juu ya mto kuna bwawa kubwa la Wyangala, ambalo maji yake hutumika kumwagilia bonde zima.

Kwa hiyo ni mji kama miji mingine ya wakulima ya huko. Una reli ya zamani, makumbusho ya vita na mashine za shamba, na daraja refu juu ya mto. Mtu angepita na gari bila kusimama. Kinachowafanya watu wasimame ni mambo yaliyotokea nje kidogo ya mji kati ya mwaka 1941 na 1946, na zaidi ya hayo ni yale ambayo wenyeji waliyafanya baadaye.

Kambi namba 12

Mwaka 1941 serikali ya Australia ilijenga Cowra kambi ya wafungwa wa vita. Iliitwa kambi namba 12. Ilikuwa karibu na umbo la duara, imezungushiwa seng'enge mistari mingi, na ndani imegawanywa sehemu nne: A, B, C na D. Katikati ilipita njia pana iliyomulikwa taa kali usiku kucha, mpaka watu wakaipa jina la utani Broadway, kwa kuifananisha na mtaa ule wa New York wenye taa nyingi.

Wa kwanza kuletwa walikuwa Waitaliano waliotekwa Afrika Kaskazini. (Wenzao wengine waliletwa huku kwetu Afrika Mashariki. Anayepita Mai Mahiu nchini Kenya ataona kanisa dogo kando ya barabara, walilijenga wao wakati wakichonga barabara ile ya kupanda milima.) Waitaliano wa Australia wengi walipelekwa kufanya kazi kwenye mashamba, na baadhi waliishi na wakulima bila hata mlinzi.

Mwaka 1943 wakaletwa pia watu wa Indonesia. Hao hawakuwa askari. Walikuwa wafungwa wa siasa ambao Waholanzi, watawala wao wa kikoloni, walikuwa wamewafungia porini Papua tangu uasi wa miaka ya 1926 na 1927. Vita ilipokaribia, Waholanzi waliwahamishia Australia pamoja na familia zao, wakafungwa Cowra. Waaustralia walipogundua kwamba hawa ni watu waliodai uhuru tu, walipiga kelele, na wakaachiwa kabla mwaka ule haujaisha. Baadhi yao walikuwa wameshakufa na kuzikwa pale.

Kundi la tatu walikuwa Wajapani. Kufikia Agosti 1944 sehemu B peke yake ilikuwa na Wajapani 1,104. Walikuwa wamebanana kupita kiasi. Lakini chakula walipata vizuri, hata mchele na samaki, kwa sababu Australia ilifuata Mkataba wa Geneva wa 1929, na ilitumaini kwamba Japani nayo itawatendea vema Waaustralia iliowateka. Tumaini hilo halikutimia. Waaustralia karibu 22,000 walitekwa na Japani, na kama 8,000 kati yao hawakurudi nyumbani. Naomba msomaji aishike namba hiyo, tutaihitaji mbele.

Usiku wa tarehe 5 Agosti

Jeshi la Japani lilikuwa limewafundisha askari wake kwamba kutekwa hai ni aibu kuliko kifo. Mwaka 1941 kila askari alipewa kanuni zilizoandikwa hivyo. Kwa hiyo wengi wa wale waliokuwa Cowra walitoa majina ya uongo walipoandikishwa. Hawakutaka nyumbani wajulikane kuwa wako hai. Kwa familia zao walikuwa wameshakufa, na baadhi ya familia zilikuwa zimeshafanya matanga.

Mmoja wao alikuwa rubani kijana, Hajime Toyoshima. Ndege yake iliharibika Februari 1942 baada ya kushambulia Darwin, akatua kisiwa cha Melville, na huko akakamatwa na Matthias Ulungura, mwenyeji wa kabila la Tiwi. Ndiye Mjapani wa kwanza kutekwa katika ardhi ya Australia. Kambini alijulikana kwa jina la Tadao Minami.

Mwanzoni mwa Agosti 1944 viongozi wa kambi waliamua kupunguza msongamano: askari wa kawaida wahamishiwe kambi ya Hay, mbali magharibi, na wakubwa wao wabaki. Kwa Wajapani, kutenganisha askari na wakubwa wake ilikuwa kama kuvunja familia. Usiku wa tarehe 4 viongozi wa mabanda waliitana. Kila banda likapiga kura: tutoke tufe, au tukae? Waliookoka walisimulia baadaye, wakiwa wazee, kwamba wengi hawakutaka kufa. Lakini nani angenyanyuka mbele ya wenzake aseme yeye anataka kuishi?

Hapo niliposoma nilisimama kidogo. Kazi yangu ni vijana. Nimeshaona kundi zima likienda kufanya jambo ambalo, ukiwauliza mmoja mmoja, hakuna aliyelitaka. Kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kusema hapana.

Kabla ya saa 8 usiku, katika baridi kali ya huko (Agosti kwao ni kipupwe), Toyoshima alipiga tarumbeta. Wajapani zaidi ya 900 wakatoka mbio na visu vya jikoni, fimbo za besiboli na marungu yenye misumari. Walitupa mablanketi juu ya seng'enge ili wapite. Nyuma yao mabanda yalikuwa yanawaka moto, waliyachoma wenyewe. Askari wawili wa Australia, Ben Hardy na Ralph Jones, walikimbilia bunduki ya rashasha wakapiga mpaka wakazidiwa. Kabla ya kuuawa, Jones alichomoa kipande kinachofanya bunduki ipige, akakitupa, ili adui wasiigeuze dhidi ya wengine. Wote wawili walipewa nishani ya George Cross wakiwa marehemu. Waaustralia wengine wawili walikufa pia: Charles Shepherd usiku uleule, na luteni Harry Doncaster wakati wa kuwasaka waliotoroka.

Wajapani waliokufa walikuwa zaidi ya 230. Wengine walipigwa risasi kwenye waya, wengine walijinyonga au kujilaza kwenye reli. Toyoshima alikuwa miongoni mwa waliokufa. Tarumbeta lake limehifadhiwa mpaka leo katika makumbusho ya vita huko Canberra.

Waliofanikiwa kutoka nje walikuwa zaidi ya 300, wakatawanyika mashambani. Hapa ndipo historia inapobadilika sura. Katika siku zote zile za msako, hakuna raia hata mmoja aliyeguswa. Kwenye shamba la Rosedale, mama mmoja, May Weir, alikutana na wafungwa waliojificha karibu na nyumba yake, wana njaa na baridi. Aliwapikia chai akawapa na vimkate. Askari walipofika kuwachukua aliwaambia wasubiri kwanza, watu wamalize kula. Wakati ule, wanaume wa mji uleule walikuwa wamefungwa na Wajapani huko Asia, na habari zao hazijulikani.

Kazi ya jembe

Vita ilipokwisha Wajapani waliobaki walirudishwa kwao mwaka 1946. Mwaka uliofuata majengo ya kambi yaliuzwa, mbao moja moja, bati moja moja. Ikabaki misingi ya saruji na majani. Yaani kambi ilikwisha kama kambi zote zinavyokwisha.

Lakini makaburi yalibaki. Waaustralia wanne na Wajapani wale walizikwa karibu karibu, katika makaburi ya mji. Wenye kulitunza kaburi la Mwaustralia walikuwa chama cha wanajeshi wastaafu cha Cowra. Walikuja na majembe, wakapalilia kwa watu wao. Halafu, pembeni, waliona makaburi ya Wajapani yameota magugu. Wakapalilia na yale.

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Hakuna mkubwa aliyewaamuru, wala mradi, wala bango lenye nembo. Walikuwa wanaume waliopigana na Japani, katika nchi iliyokuwa inahesabu wale 8,000 waliokufa utekwani. Najaribu kuwaza maneno waliyoambiwa na majirani zao. Sisi tuliotoka Kivu tunajua kwamba kusema neno zuri juu ya marehemu wa upande ule mwingine kunaweza kukugombanisha na ndugu zako wa damu. Hawa walikwenda mbali zaidi ya maneno, waliinama wakashika jembe.

Japani ilipata habari. Mazungumzo yakaanza, na mwaka 1964 yakafunguliwa makaburi rasmi ya vita ya Wajapani hapo Cowra. Waliofia sehemu nyingine za Australia, hata wale marubani waliodondoka Darwin, walikusanywa wakaletwa hapo. Sasa wako zaidi ya 500. Wengi wamelala chini ya majina ya uongo waliyojiandikisha. Sisi tunajua habari ya mtu kuwa na jina moja kwenye karatasi na jingine nyumbani. Katika miaka ya karibuni watafiti wamekaa na nyaraka za nchi zote mbili, wakalinganisha jina kwa jina ili wajulikane ni akina nani, na orodha imewekwa kwenye intaneti, familia yoyote inaweza kutafuta mtu wake.

Bustani, kengele na miti

Kutoka hapo mambo yakazaa mengine. Mwaka 1970 shule ya sekondari ya Cowra na shule ya Seikei ya Tokyo zilianza kubadilishana wanafunzi. Kijana wa mkulima anakwenda kukaa mwaka kwa familia ya Kijapani, kijana wa Tokyo anakuja kukaa na kondoo.

Mwaka 1979 ikafunguliwa sehemu ya kwanza ya ile bustani niliyoiona kwenye simu, na sehemu ya pili ikafuata mwaka 1986. Aliyeichora ni Ken Nakajima, fundi mkubwa wa bustani wa Japani, na mwenyeji aliyeisukuma kwa miaka mingi anaitwa Don Kibbler. Ina ukubwa wa hekta 5, juu ya kilima chenye mawe. Imepangwa ili mtu atembee taratibu, na kila kona inamfunulia kitu kingine: mlima mdogo, maji yanayoteremka, ziwa, mpaka yanafika mahali panapowakilisha bahari. Ni kama Japani nzima imekunjwa ikawekwa katika shamba moja la Australia.

Kati ya bustani, uwanja wa kambi na makaburi kuna barabara iliyopandwa miti ya cheri. Mti ule kwa Wajapani ni mti wa heshima, unatoa maua meupe na ya waridi kwa siku chache halafu yanadondoka. Kila majira ya kuchipua, Septemba au Oktoba, mji unafanya sikukuu ya maua hayo, na watu wanatoka mbali kuja.

Katikati ya mji kuna Kengele ya Amani ya Dunia, iliyowekwa mwaka 1992. Imetengenezwa kwa sarafu zilizoyeyushwa kutoka nchi nyingi, mfano wa ile iliyoko Umoja wa Mataifa New York. Kwa kawaida nchi ikipewa kengele hiyo inawekwa katika jiji kubwa. Australia ilipewa moja, ikawekwa kwa wakulima wa Cowra.

Na kwenye uwanja wa kambi yenyewe? Hakuna kikubwa. Misingi ya mabanda, mnara wa mlinzi uliojengwa upya wenye sauti inayosimulia, vibao vya maelezo, na kondoo wanakula majani. Binamu yangu alisema alitembea pale dakika ishirini, na watoto wake wakamuuliza, "Mama, mbona unalia, hapa hakuna kitu?"

Kambi ya pili

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi, na mimi lilinishangaza kuliko yote. Vita ilipokwisha, Cowra ilikuwa na kambi nyingine, ya wakimbizi.

Ulaya ilikuwa imejaa watu wasio na pa kurudi: Wapolandi, Waukraine, Walatvia na wengine. Kati ya 1947 na 1952 Australia iliwapokea kama 170,000. Sharti lilikuwa kufanya kazi utakayopangiwa kwa miaka miwili. Kambi ya zamani ya mafunzo ya jeshi hapo Cowra ikageuzwa makazi yao. Mara nyingi wanaume walipelekwa kazini mbali, kwenye mabwawa, reli na viwanda, na wanawake na watoto wakabaki kambini. Waliishi kwenye mabanda ya bati, moto kiangazi na baridi kipupwe, wakipanga foleni jikoni na sahani mkononi. Hiyo foleni, yule binti wa Jumamosi angeitambua mara moja.

Na Afrika Mashariki imo ndani ya historia hiyo. Kuanzia mwaka 1942 Wapolandi waliofukuzwa kwao na Warusi waliletwa kupitia Iran mpaka Tanganyika, Uganda na Kenya. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, watu kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Uganda walikuwa Masindi na Koja. Februari 1950 meli iitwayo General Langfitt iliwafikisha zaidi ya 1,000 kati yao kutoka Mombasa mpaka Australia Magharibi, wakapelekwa kwenye kambi ya Northam, mji mwingine wa wakulima wa ngano. Kwa hiyo binamu yangu hakuwa wa kwanza kutoka kambi ya Tanzania kwenda kuanza maisha kwenye nchi ya kondoo. Amewafuata watoto wa Kipolandi waliokulia chini ya mlima Meru. Na Tengeru makaburi ya wenzao, karibu 150, yapo mpaka leo, yamezungushiwa uzio, yana majina, na Watanzania wanayafagia.

Wenye nchi

Nisiandike kana kwamba Cowra ni mji wa malaika. Nchi ile ni ya Wawiradjuri. Mwaka 1824, walipopinga kunyang'anywa ardhi, gavana alitangaza sheria ya kijeshi huko Bathurst, kama kilomita 100 kutoka hapo, na wengi waliuawa. Ng'ambo ya mto, pembeni ya Cowra, kuna Erambie, sehemu waliyotengewa tangu mwaka 1890. Miongo mingi waliishi humo chini ya meneja wa serikali aliyeamua nani aingie na nani atoke. Bodi iliyowatawala ilivunjwa mwaka 1969 tu. Hesabu mwenyewe: makaburi ya Wajapani yalifunguliwa kwa heshima 1964, na wakati huo mwenye nchi alikuwa bado anaishi kwa kibali.

Siku hizi nguzo za daraja la mto Lachlan zimechorwa historia ya Wawiradjuri na msanii wao, Kym Freeman. Na mwaka 2016 mwandishi Anita Heiss, naye Mwiradjuri, alitoa riwaya inayowaza kwamba Mjapani mmoja aliyetoroka alifichwa na familia ya Erambie. Ni hadithi ya kubuni, lakini swali lake ni la kweli: katika mji ule, ni nani hasa alikuwa nyuma ya waya? Mji ukitunza kumbukumbu ya mgeni na kusahau ya mwenyeji, kazi haijaisha.

Lugufu

Nilipowasimulia vijana haya yote, nilirudi nyumbani nikamsimulia na mama. Alikuwa anachambua maharage. Alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza kwa Kiswahili chake cha Fizi: "Ule mutu mwenye alikuwa anapalilia kaburi ya adui yake, walikuwa wanamulipa?"

Nikamwambia hapana, mama, hawakumlipa.

Akasema, "Na ya kwetu ya Lugufu, nani anapalilia?"

Wasomaji vijana huenda hawaijui Lugufu. Ilikuwa kambi ya Wakongomani, huko upande wa Uvinza, tangu 1997. Ilifungwa mwaka 2009, tukapakiwa kwenye malori tukaletwa Nyarugusu. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka vumbi, nakumbuka kuku wetu ndani ya ndoo. Sikukumbuka, mpaka mama aliponiambia jioni ile, kwamba nina mdogo wangu aliyebaki kule. Aliishi miezi minne. Mama alikwenda kumuaga asubuhi ya safari, gizani, ili asichelewe lori. Akaweka jiwe. Tangu hapo hajaenda tena, na hajui kama jiwe lipo.

Simlaumu mtu. Siku zile kila mmoja alifikiria mgao, majina kwenye orodha, na kama kule tuendako kuna maji. Hakuna aliyefikiria makaburi, hata sisi wenyewe. Lakini sasa nafahamu kwamba kambi ikifungwa, vitu vyote vinaandikwa: madawati, matanki, mabati. Wafu hawaandikwi popote.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili: siku ile ikifika, na kila mwaka tunasikia kwamba inakaribia, ombi letu ni dogo. Mnapoandika orodha ya vitu vya kukabidhi, andikeni na makaburi. Jina, mwaka, kanda. Hatuombi bustani ya Kijapani, daftari linatosha.

Na kwetu sisi: wazee wa Cowra hawakusubiri mtu awaandikie mradi. Kwa hiyo kikundi chetu kimeshaanza. Tumenunua daftari la kurasa 200, tunapita nyumba kwa nyumba kwa waliotoka Lugufu, tunauliza: nani alibaki? Tunaandika jina la nyumbani na jina la kadi, yote mawili. Tunaandika wa kila kabila, bila kuuliza alikuwa upande gani. Mzee mmoja alikataa mwanzoni, akasema jina fulani lisikae ukurasa mmoja na la mwanawe. Tulimsimulia habari ya majembe. Hakujibu kitu. Wiki iliyofuata alikuja mwenyewe na majina sita, na moja kati ya hayo ni la familia ile aliyokuwa haizungumzi nayo.

Yule binti wa swali la foleni ndiye mwandishi wetu sasa, maana mwandiko wake ni mzuri. Juzi nilimuuliza kama amepata jibu lake: watu watakuja kutazama nini kambini? Akasema, "Kaka, wakija watakuta tuliandika."

Jina la kwanza kwenye daftari ni la mdogo wangu. Mama alilitamka polepole, herufi kwa herufi, ingawa kusoma hajui.

Kama una mtu wako aliyebaki Lugufu, tupitie Jumamosi yoyote baada ya saa 9 alasiri, pale tunapokutania vijana. Daftari bado lina nafasi.